Pembe ya Kushoto

Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na kwa ajili ya mbavu hizo Inspekta alikataa kufunga jalada.

Daktari wa maiti hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwanamume, miaka sabini na mmoja. Moyo ulisimama Alhamisi, kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi. Kisogoni, jeraha dogo la kugonga ngazi. Kifuani, karibu na mfupa wa katikati, mbavu mbili zimevunjika. Mikononi hakuna mchubuko hata mmoja. Wenzake kituoni walisoma wakasema mzee kapigwa. Inspekta alisoma mara mbili akasema anayepigwa hujikinga kwa mikono, na huyu hakujikinga.

Wenzake walimwita Inspekta huyo Rula, kwa kuwa hakuwahi kuandika "karibu na mlango" bila kuandika ni sentimita ngapi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mrefu, mkavu wa sura. Jina hilo hakulipenda wala hakulichukia.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi alisimama nje ya ofisi ya marehemu. Binti wa marehemu, fundi wa miwani, alikuwa anahangaika na kitasa. Alikuwa bado amevaa nguo nyeusi za msibani, na kwapani amebana gazeti.

"Afande, mimi sikuulizi nani kamuua baba," alisema bila kugeuka. "Daktari kasema moyo, basi moyo. Nakuuliza kama alinunuliwa."

"Lipi linakuumiza zaidi?"

"Kifo nimekizika Jumamosi. Hili nitazunguka nalo." Mlango ulifunguka. Akamkabidhi gazeti. "Watu walikuwa wanalisoma pale pale makaburini. Wanalikunja nikipita, wanalikunjua nikishapita."

Lilikuwa gazeti la upinzani la Jumamosi. Kichwa cha habari kilichukua nusu ya ukurasa: MZEE MKASI ALIVYOIKATA HUKUMU.

Mzee Mkasi ndiye baba yake. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiandaa Kitabu cha Magazeti, kitabu kinene kinachotoka mara moja kwa mwaka na kueleza kila gazeti lililoko nchini: ni la nani, linauzwa wapi, linaegemea upande gani wa siasa, limeshtaki nani na kushtakiwa na nani. Mahakimu walikitumia. Shule zilikiweka maktabani. Mwaka huu, katika karatasi za prufu, zile za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, zilizovuja kutoka kiwanda cha chapa, maelezo ya gazeti kubwa kuliko yote yalikosa jambo moja. Gazeti hilo watu waliliita Kichwa Chekundu kwa rangi ya jina lake, na lilikuwa rafiki mkubwa wa serikali. Miaka mitatu nyuma lilishindwa kesi ya kumkashifu muuguzi. Hukumu hiyo ilikuwa imeondolewa. Siku mbili kabla habari haijatoka, Mzee Mkasi alikutwa amekufa kwenye ngazi za jengo ambalo hakuna mpangaji aliyekiri kumjua.

"Nitakwambia nitakachokikuta," Inspekta alisema. "Kama alinunuliwa, nitakwambia alinunuliwa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine wote wananiambia pole." Binti alivuta pumzi. "Na hizo ngazi sijaziona. Nataka unipeleke."

"Saa nane nitakupitia dukani. Saini hapa kwanza." Inspekta alimpa bahasha ya vitu vilivyokutwa mwilini: miwani, leso, mkasi mdogo wenye vishikio vilivyofungwa uzi. Binti alisaini, akautia mkasi mkobani, akaenda zake.

Ndani karani alikuwa amekwisha kuketi kwenye kijimeza chake nyuma ya mlango, alikokaa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nieleze kitabu kinavyotengenezwa," Inspekta alisema. "Polepole. Chukulia mimi mjinga."

"Wewe huwezi kuwa mjinga, afande, umeshapima mlango." Karani alijaribu kutabasamu, akashindwa. Akavuta kisanduku cha mbao kilichojaa kadi. "Jambo moja, kadi moja. Likiandikwa, anaitwa anayelihusu. Na anaitwa adui yake. Kila mmoja anakaa kile kiti cha wageni, anasoma kwa sauti, anasema ni sawa au si sawa. Hatumuulizi kama amependa. Wakishasema sawa wote wawili, Mzee anakata pembe ya kadi kwa mkasi. Isiyokatwa haiendi kiwandani."

"Nisomee ya siasa, ya Kichwa Chekundu."

Karani alichomoa kadi ya tatu. "'Katika chaguzi nne zilizopita gazeti limewaomba wasomaji wake, kwa tahariri ya ukurasa wa kwanza, wakipigie kura chama kilichoko madarakani. Katika kipindi hicho limechapisha tahariri kumi na moja za kuikosoa serikali, nane kati ya hizo kuhusu barabara na maji.'"

"Hakuandika kwamba linaipendelea serikali."

"Mzee? Angekukata kidole! Alisema kupendelea ni hukumu na yeye si hakimu. Wewe hesabu, msomaji ana akili zake. Wakili wa Kichwa Chekundu alisoma hiyo, akanuna, akasema sawa. Mhariri wa upinzani alisoma, akanuna, akasema sawa. Mzee alifurahi siku nzima. 'Wamenuna wote,' akaniambia, 'basi imekaa vizuri.'"

"Na ya hukumu?"

Kadi ya saba ilikuwa bado kisandukuni, pembe imekatwa. Inspekta aliisoma mwenyewe. *Miaka mitatu iliyopita mahakama iliamua kuwa gazeti lilimkashifu muuguzi*, na hapa yalifuata majina yake yote matatu, *kwa kuandika kuwa aliiba dawa za wodi ya watoto na kusababisha kifo cha mtoto. Mahakama ilibaini kuwa hakuna dawa iliyoibwa. Gazeti liliamriwa kuomba radhi ukurasa wa kwanza. Radhi hiyo ilichapishwa ukurasa wa kumi na saba.*

Juu yake ilibanwa karatasi ya rangi ya waridi yenye maneno yaliyopigwa chapa: ONDOA KADI NAMBA. Mbele yake mtu alikuwa ameandika 7 kwa penseli. Pembe ya karatasi hiyo ilikuwa imekatwa.

"Hizi za waridi zinakaa wapi?"

"Pale mezani, kwenye kopo. Mzee akitaka jambo litoke, anaandika namba, anakata pembe, basi. Jumanne nilifunga kisanduku nipeleke kiwandani, nikaikuta." Alikishika kile kisanduku kwa mikono miwili. "Niliona pembe imekatwa, afande. Nikaipeleka. Miaka kumi na tisa naangalia kama imekatwa. Sikuwahi kumuuliza Mzee kwa nini."

Inspekta alimwaga kadi zote mezani. Akazipanga safu safu, maandishi yakimwelekea, akaanza kuzipitia kwa ncha ya kalamu. Ilimchukua muda wa kutosha karani kuchemsha chai na chai hiyo kupoa. Kadi zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Zote zilikatwa juu, upande wa kulia. Karatasi ya waridi ilikatwa juu, upande wa kushoto.

Alimpa karani kipande cha karatasi tupu na mkasi wa ofisini. "Kata kama anavyokata Mzee."

Karani alikata kulia. Hakufikiri hata kidogo.

"Jumatatu iliyopita ulikuwa wapi?"

"Posta. Kutoka saa mbili hadi saa saba, foleni ilikuwa kama ya mkesha wa uchaguzi."

Daftari la wageni la Jumatatu hiyo lilikuwa na majina mawili tu. Saa tatu, wakili wa Kichwa Chekundu. Saa tano, muuguzi. Wote walikuja kusoma kadi ya saba, na wote, kwa mwandiko wa Mzee, walisema sawa.

"Uliporudi ulikuta nini ambacho si cha kawaida?"

Karani alifikiri. "Hakuna. Gilasi ya maji mezani, upande wa mgeni. Imejaa mpaka juu, haijaguswa. Nikaimwagia ua."

"Maji yanachotwa wapi?"

"Bomba liko uani. Mzee mwenyewe ndiye huwachotea wageni, mimi nisipokuwapo."

Inspekta aliandika: *gilasi, imejaa, haijaguswa. Uani na kurudi, dakika tatu.* "Na prufu zilirudi lini?"

"Jumatano, pamoja na kisanduku. Mzee alizisoma, akafika ukurasa huo, akaomba kisanduku. Akaishika ile ya waridi, akaigeuza mbele na nyuma. Nikamuuliza kuna nini, akasema, 'Hamna kitu, mwanangu, mimi ndiye niliyekosea.' Akapiga simu kiwandani, akawaambia ukurasa ule usichapwe mpaka yeye aseme. Halafu akaandika, akafuta, akaandika, mpaka tukafunga ofisi. Alhamisi hakuja."

"Alikuwa anaandika nini?"

"Kadi. Sikuiona tena."

Mwilini hakukuwa na kadi. Inspekta aliliandika hilo pia, akalipigia mstari. "Kiwanda kinasubiri mpaka lini?"

"Leo, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo wanachapa walicho nacho."

"Muuguzi anakaa wapi?"

"Alihama baada ya zile habari. Anwani mpya ilikuwa kichwani mwa Mzee. Barua zake alizipeleka mwenyewe kwa miguu."

*

Wakili wa Kichwa Chekundu alikuwa na kipara kinachong'aa na ofisi isiyo na mahali pa kukanyaga kwa wingi wa majalada. Aliondoa rundo moja kwenye kiti, akakosa pa kuliweka, akabaki amelipakata kama mtoto.

"Nilikutegemea tangu juzi, Inspekta. Umechelewa. Wapinzani wamekwisha kunihukumu, kunifunga na kula chakula changu cha gerezani."

"Wewe ndiye unayenufaika hukumu ikitoka."

"Nanufaika, kwa nini nikuongopee? Ile ya ukurasa wa kumi na saba ilinichoma mpaka kwenye mfupa. Nilimwambia Mzee, toa hiyo ya ukurasa. Akaniuliza, 'Ni ukurasa gani, wakili?' Nikamwambia wa kumi na saba. Akasema, 'Basi sema sawa unywe chai.' Nikasema sawa, nikanywa chai. Yangu, na yake alipozubaa."

"Hukuomba maji?"

"Maji? Kwa Mzee Mkasi? Miaka ishirini naenda pale, sijawahi kuomba maji."

Inspekta alimsukumia karatasi tupu na mkasi. "Alikuwa anakataje pembe?"

Wakili alitua rundo lake sakafuni. Aliinua karatasi mbele ya uso, akaikata juu, kulia. Kisha akaitazama, akacheka kidogo bila furaha.

"Zamani ningekosea. Miaka ya mwanzo nilidhani ni kushoto. Yule bwana alikuwa haoni vizuri, anainua kadi mpaka puani ndipo anakata. Sasa wewe uliyekaa kiti cha wageni unaona mgongo wa kadi. Kulia kwake ni kushoto kwako. Mpaka siku moja nilizunguka meza kutafuta kalamu iliyoanguka, ndipo nikaziona kadi upande wa maandishi." Aliirudisha karatasi. "Kwa nini unauliza?"

"Mgeni wa mara moja angekata wapi?"

"Kushoto. Angeapa kabisa kwamba ni kushoto."

Inspekta alifungua daftari lake. Wageni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amekaa kiti kile miaka ishirini na akakata kulia. Wa pili alikikalia siku moja.

"Muuguzi," wakili alisema taratibu. Hakuwa mjinga. "Haiwezekani. Hukumu ni yake! Alipigana nami miaka miwili kuipata. Nilimhoji mahakamani siku tatu mfululizo, hakuyumba. Mimi ndiye niliyetoka na jasho."

"Una anwani yake?"

"Lazima niwe nayo, nyaraka za mahakama zilimfuata huko." Alichimbua rundo la dirishani, akasoma. "Jengo la ghorofa nne nyuma ya karakana ya matairi. Mlango wa kumi na nne, ghorofa ya tatu."

Inspekta alifunga daftari lake. Mzee Mkasi alikutwa kwenye jengo la ghorofa nne nyuma ya karakana ya matairi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

Mlangoni wakili alimwita. Hakuwa anatania tena. "Inspekta. Hakununuliwa yule. Nilijaribu mwaka wa kwanza, nilikuwa kijana, sijui kitu. Alinirudishia bahasha na kunitolea kadi: 'Siku fulani, saa fulani, wakili wa gazeti alileta bahasha.' Akaniambia, 'Soma, kama ni sawa sema.' Sijui sasa nitagombana na nani."

Kutoka kwenye simu ya wakili Inspekta alipiga hospitali, akaomba asomewe tena maneno ya aliyeita gari la wagonjwa siku ya Alhamisi. Aliyepiga ni mwanamke, hakutaja jina. Alitaja jengo, akasema: mwanamume wa miaka kama sabini, moyo umesimama saa nne na dakika nane. Kisha akakata.

Jirani aliyekuta mtu ameanguka angepiga kelele, angesema njooni haraka. Huyu alitaja dakika.

*

Ngazi zilikuwa za saruji, zimelika katikati, na chuma cha kushikilia kilikuwa baridi. Inspekta alihesabu kimoyomoyo, kumi na saba kila ghorofa. Kwenye ya arobaini na moja alisimama.

"Hapa."

Binti aliitazama ngazi ile. Hakukuwa na kitu cha kutazama; mlinzi wa jengo alikuwa ameosha. Akaketi juu yake, mkoba magotini.

"Angepumzika ghorofa ya pili," alisema. "Nilimwambia baba, kila ghorofa pumzika. Zimebaki ngapi?"

"Kumi."

Binti aliitikia kwa kichwa. Inspekta alimwacha, akapanda zile kumi, akagonga mlango wa kumi na nne.

Muuguzi alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Chumbani kulikuwa na cherehani, na sare za shule zilizokatwa bado hazijaungwa, zimepangwa kwa ukubwa kitandani. Hakuwa tena muuguzi, lakini kwenye gauni lake, juu ya titi la kushoto, alikuwa amebandika saa ile ndogo ya wauguzi inayoning'inia kichwa chini. Alikitazama kitambulisho cha polisi, akasogea pembeni Inspekta apite.

"Ulimkandamiza kifua kwa muda gani?" Inspekta aliuliza.

Mwanamke alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Dakika kumi na saba. Gari lilichelewa."

"Mbavu mbili zilivunjika."

"Nilizisikia. Kwa mtu wa umri ule, ukikandamiza inavyotakiwa, zinavunjika. Unaendelea." Alitazama mikono yake. "Alikuwa amekwenda tayari. Nilijua tangu dakika ya sita. Lakini mimi si wa kuamua, nikasema ngoja waje wenye vifaa."

"Walipofika hukuwapo."

"Niliwasikia mlangoni chini, nikapanda. Ningebaki niandikwe nini, afande? Muuguzi yule yule, maiti mwingine? Magazeti yangelala njaa siku hiyo?"

Inspekta alitoa karatasi ya waridi, akaiweka juu ya sare. Mwanamke hakuigusa.

"Uliomba maji."

"Niliomba maji."

"Hukumu ilikuwa yako. Ulishinda."

"Nilishinda. Unajua ushindi unavyosomwa? Nilikaa pale nikasoma ile kadi kwa sauti. Majina yangu matatu, halafu dawa, halafu mtoto kufa. Mzee akaniuliza ni sawa? Nikamwambia sawa. Kila neno lilikuwa sawa, hilo ndilo lililoniua. Mwakani, na mwaka wa kufuata, na nikishakufa, jina langu litakaa mstari mmoja na maiti wa mtoto, na watu hawasomi mpaka mwisho wa mstari." Alionyesha sare moja ndogo, ya buluu. "Binti yangu anaanza sekondari mwezi ujao. Maktabani kwao kuna kile kitabu. Jina la ukoo wetu halina wawili, huwezi kusema ni mtu mwingine. Nilifikiri kikikosa hicho tu, gazeti lenyewe watu walishafungia maandazi zamani."

"Ulijua angelaumiwa yeye?"

"Sikujua kama kuna mtu anayesoma kilichoondolewa." Aliikunja ile sare ya buluu. "Jumamosi ndiyo nikajua."

"Alhamisi ilikuwaje?"

Mwanamke aliitazama saa ya kifuani, kana kwamba jibu lilikuwa mle. "Nilisikia mtu anakohoa ngazini, haendi mbele wala nyuma. Nikatoka. Alikuwa amekaa, ameshika chuma. Midomo imebadilika rangi. Nikashuka mbio. Akaniambia, 'Mama, ngazi zako nyingi.' Akacheka. Nikajua amejua, nikangoja anitukane. Akatoa kadi mfukoni, akasema, 'Nimeandika upya. Soma. Kama ni sawa, niambie.'"

"Ukasoma?"

"Nilimshika mkono kupima mapigo. Yalikuwa yanakimbia ovyo. Nikamwambia usiongee, mzee. Akasema, 'Soma kwanza.' Halafu akalala. Nilisoma gari lilipokwisha kuondoka naye."

Alifungua kidroo cha cherehani, chini ya vibobini vya uzi, akatoa kadi. Pembe zake zote zilikuwa nzima. Upande wa mbele maneno yalikuwa yale yale ya kadi ya saba, dawa, mahakama, ukurasa wa kumi na saba, isipokuwa mahali pa majina matatu paliandikwa: *muuguzi mmoja wa hospitali ya umma*. Inspekta aliigeuza. Nyuma kulikuwa na penseli, mwandiko umelala, wa mtu aliyefuta mara nyingi.

*Jina la mlalamikaji halimwelezi msomaji lolote kuhusu gazeti. Linamweleza mwenye jina, na yeye si gazeti. Kanuni yetu ya majina kamili ifutwe. Ni kosa langu la miaka thelathini na moja. Asome mwenyewe kwanza, kisha wakili.*

Inspekta aliisoma mara mbili, kama alivyosoma ripoti ya daktari.

"Utaniandika?" mwanamke aliuliza.

"Nitaandika kwamba uliweka karatasi isiyo yako kwenye kisanduku, siku gani na saa ngapi, na kwa nini, kwa maneno yako. Nitaandika dakika kumi na saba. Nitaandika ulipanda juu wakati gari linafika. Vyote."

"Kwa jina?"

"Taarifa ya polisi ni lazima iwe na jina. Haiwekwi maktabani." Inspekta alisimama. "Binti yake yuko ngazini. Ameniuliza swali moja tangu asubuhi. Jibu unalo wewe, na mimi sitaki kumpelekea nikiwa nimelikunja."

Mwanamke aliondoa uzi uliong'ang'ania gauni lake, akachukua kadi, akatangulia.

Binti alikuwa pale pale, kwenye ya arobaini na moja. Aliwatazama wakishuka, akaiona saa ile ya kifuani, akamtazama Inspekta. Inspekta alisema kwa ufupi, bila kupamba: huyu ndiye aliyeiondoa hukumu, baba yako hakujua mpaka Jumatano, alipojua alikuja hapa kurekebisha, huyu ndiye aliyehangaika naye mpaka mwisho.

"Hakununuliwa," binti alisema.

"Hakununuliwa."

Binti alifunika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Hakulia kwa sauti. Chini, karakanani, mtu alikuwa anagonga rimu kwa nyundo. Alipoondoa mikono alimtazama mwanamke aliyesimama juu yake, kwa jicho la mtu aliyezoea kuangalia watu kupitia lenzi, akitafuta kosa liko wapi.

"Alikuomba usome," alisema. "Sasa soma."

Muuguzi aliketi ngazi moja juu yake. Alisoma kwa sauti ya wodini, ya chini na iliyo wazi, kutoka mwanzo mpaka ukurasa wa kumi na saba. Hakuruka neno.

"Ni sawa," alisema. Kisha akainama kidogo, akaambia saruji iliyooshwa, "Ni sawa, mzee."

Binti alipokea kadi, akageuka akamwelekea muuguzi. Alifungua mkoba, akatoa mkasi wenye uzi kwenye vishikio. Aliinua kadi mpaka karibu na pua, maandishi yakimwelekea, akaingiza pembe ya juu kulia kati ya makali. Muuguzi, kutoka alipokaa, aliona kushoto.

Mkasi haukufunga.

"Wakili kasoma?"

"Bado," Inspekta alisema.

Binti alishusha mkono. "Baba hakuwa anakata mmoja akiwa bado." Akautia mkasi mkobani. "Ni saa ngapi?"

Muuguzi ndiye aliyejibu, bila kuombwa, akiiinua saa yake kwa vidole viwili. "Saa tisa na dakika ishirini na mbili."

Kiwanda kilikuwa kinafunga kurasa saa kumi na moja. Mpaka kwa wakili ilikuwa dakika arobaini, kama barabara ingekuwa na huruma. Inspekta alitangulia. Nyuma yake binti alishuka akishikilia chuma, akapumzika ghorofa ya pili, akapumzika ghorofa ya kwanza, mkono mmoja ameinua kadi juu isikunjike, ikiwa na pembe zake zote nne.